Ada Ilifutwa, Januari Haikufutwa: Jinsi ya Kuzishika Mkono Kaya Zinazoshindwa Gharama za Shule

Ukimwambia mtu kwamba mtaani kwenu kuna mtoto hajaripoti shule kwa kukosa pesa, atakuuliza, "Kwani siku hizi si bure?" Bure ni ada. Tangu Januari 2016 shule za serikali hapa Tanzania hazitozi ada kuanzia darasa la awali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nao wakaingizwa. Lakini ada yenyewe ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na viatu vya shule vinavyofika Juni vizima vinaweza kuzidi hapo. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016, uliofafanua elimu bila malipo, haukuficha kitu: sare, vifaa vya kujifunzia, chakula cha mtoto wa kutwa, matibabu na nauli vimebaki kwa mzazi. Karibu vyote vinamwangukia wiki moja tu, mwanzoni mwa Januari, mwezi dume, sikukuu zimeisha, kodi ya chumba inadaiwa na biashara imelala.

Sisi ni watu wanane wa mtaa mmoja hapa Tanga mjini. Hatuna ofisi wala fulana zenye nembo. Tuna daftari moja, simu ya mhazini na fundi cherehani anayetuvumilia. Haya ninayoyaandika yanamfaa yeyote mwenye watu wawili watatu wa kuaminiana: kikoba, jumuiya ndogo ndogo, wanaosali msikiti mmoja, au ndugu walio mbali wanaotuma pesa nyumbani kila Januari huku wakijiuliza zinakwendaga wapi.

Ukikumbuka moja tu, kumbuka hili: pesa ya shule inayotolewa Januari imeshachelewa. Fundi ana foleni, bei za madaftari zimepanda, na mama ameshakopa "kausha damu", mkopo wa riba kali ambao ataurejesha kila siku hadi Pasaka. Pesa ile ile ikitoka Oktoba inanunua vitu vingi zaidi na haiachi deni.

HATUA YA 1: Watafute Septemba, na uwatafute kwa masikio

Usitangaze. Ukitangaza kwenye mkutano wa mtaa kwamba kuna msaada wa sare, watakuja wenye mdomo, na mwenye shida ya kweli atabaki ndani kwa haya. Nenda kwa watu wanaoona.

Wa kwanza ni mwalimu wa darasa. Ana rejesta ya mahudhurio, na rejesta inasema mengi kwa anayejua kuisoma. Mtoto mwenye shati moja hukosa shule siku za mvua, kwa kuwa shati lililofuliwa jioni halikukauka. Masika yote utaona jina lake lina matundu, kiangazi likakaa sawa. Ukiona hivyo huna haja ya kuuliza maswali ya umaskini; nunua shati la pili. Mwengine huja asubuhi leo, kesho haji, keshokutwa yupo, na mdogo wake aliye darasa jingine anafanya hivyo kinyumenyume: hao wanabadilishana viatu.

Wa pili ni mwenye genge. Anajua nani alikuwa ananunua unga kilo mbili na sasa ananunua robo. Wa tatu ni mjumbe, ingawa kwa mjumbe sikiliza huku umetega sikio la pili, maana naye ana shangazi zake.

Kisha nenda nyumbani, watu wawili, mmoja awe mwanamke. Usiende na karatasi mkononi. Piga hodi, toa shikamoo kwa aliyekuzidi, kaa mkekani, zungumzeni habari nyingine kwanza. Swali letu ni moja: "Januari iliyopita ilikuwaje?" Mzazi ataeleza mwenyewe aliuza nini, alimkopa nani, ni mtoto yupi alisubirishwa. Jibu la swali hilo ni bora kuliko fomu yoyote ya mapato.

Usisahau bibi wanaolea wajukuu. Mara nyingi wazazi wa mtoto wako Dar es Salaam na mtaa mzima unaamini wanatuma pesa.

HATUA YA 2: Piga hesabu ya mtoto mmoja mmoja

"Familia ile inahitaji msaada" ni maneno matupu. Andika mtoto, darasa analoingia, alichonacho tayari na kinachokosekana. Bei nenda ukaulize dukani mwenyewe, usikisie. Hivi ndivyo ilivyosomeka kwenye daftari letu la msimu mmoja, bei za sokoni kwetu, zenu zitatofautiana.

Binti wa darasa la kwanza: sketi 10,000, mashati mawili 16,000, viatu 15,000, soksi jozi mbili 3,000, begi 12,000, madaftari dazeni 6,000, penseli na kifutio 2,000. Jumla 64,000.

Kaka yake wa kidato cha kwanza, kutwa: suruali mbili 30,000, mashati mawili 20,000, tai 3,000, sweta 12,000, viatu 25,000, soksi 3,000, kaunta buku kumi 25,000, mkebe wa hesabu 3,000, begi 18,000, rimu ya karatasi 12,000, jembe na fagio 10,000. Jumla 161,000. (Sweta, Tanga! Lushoto sawa, kule baridi inauma. Huku mtoto anaifunga kiunoni mwaka mzima, lakini imeandikwa kwenye fomu na fomu haina mjadala siku ya kuripoti.)

Wote wawili ni 225,000. Mama yao anauza mihogo ya kukaanga, siku nzuri anabaki na faida ya 5,000. Hiyo ni faida ya siku 45 bila nyumba kula. Ukishaiweka hesabu hivi mezani, hakuna tena mtu kwenye kikundi atakayesema wazazi wa siku hizi hawajali.

HATUA YA 3: Futa kwanza kisichopaswa kulipwa

Kabla hujatafuta shilingi, pitia orodha ukiwa na kalamu nyekundu.

Michango. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango shuleni, na mzazi anayetaka kuchangia akaelekezwa apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Michango haikuisha, imejificha ndani ya makubaliano ya kikao cha wazazi: mlinzi, maji, mitihani ya majaribio, dawati. Mingine ina maana, na shule nyingi zingekwama bila hiyo. Lakini mchango ni hiari, hautakiwi kumrudisha mtoto nyumbani. Uliza mambo mawili kwa upole: ulipitishwa kikao gani, na risiti iko wapi. Mara nyingi maswali hayo mawili tu yanatosha kupunguza kiasi au kumpa mzazi muda.

Mwaka wetu wa pili tulikuwa na kijana aliyerudishwa getini siku tatu mfululizo kwa sababu ya fagio la chelewa na kwanja. Sare alikuwa nayo, madaftari anayo. Tungekimbilia kugomba tungepata sifa mtaani na mtoto angepata uadui darasani. Mzee wetu mmoja alikwenda na mama wa kijana, wakamsalimia mkuu wa shule, wakaomba fagio lije wiki ya pili. Mkuu alikuwa hajui hata kama kuna mtoto anarudishwa. Ilikuwa bidii ya mwalimu wa zamu. Kijana aliingia darasani asubuhi hiyo.

TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kaya iliyo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini hupata ruzuku, na sehemu yake inafungamana na watoto kuhudhuria shule angalau asilimia 80 ya siku. Huwezi kwenda dirishani kuomba uandikishwe. Walengwa huibuliwa kwenye mikutano ya mtaa au kijiji wakati mpango unapopita. Kwa hiyo kazi yenu ni mbili. Mkutano ukiitishwa, hakikisheni yule bibi asiyetoka ndani ametajwa jina. Na kwa kaya iliyomo tayari, hakikisheni mtoto akiugua shule inajulishwa, ili siku za homa zisije zikahesabiwa utoro na ruzuku ikakatwa.

Cheti cha kuzaliwa nacho kianze mapema. Uandikishaji wa awali na darasa la kwanza hufunguliwa Oktoba, na kukimbizana na vyeti Januari ni nauli tupu.

Na kama binti aliacha shule kwa sababu ya mimba, familia huenda bado inaamini mlango umefungwa. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo warudi. Yeye naye aingie kwenye orodha ya gharama kama wenzake, tena na gharama ya anayebaki na mtoto.

HATUA YA 4: Pesa ianzie kwa mzazi, hata kama ni kidogo

Tulianza kwa kutoa kila kitu. Haikuwa vizuri. Mzazi alikaa kando kama mgeni kwenye shughuli ya mwanawe. Sasa tunaendesha upatu.

Watu kumi: wazazi sita na sisi wanne tusiobanwa sana. Kila wiki kila mmoja anatoa 3,000, anayepokea anaondoka na 30,000. Tunaanza katikati ya Septemba, mwishoni mwa Novemba wote tumepokea. Mpangilio wa zamu ndio siri yake. Sisi wanne tunachukua za mwanzo kwa kuwa hatutakimbia. Kijumbe, yule anayekusanya pesa za upatu, ana uhakika wa kutukuta. Wazazi wanachukua za kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba, kitambaa kikiwa ndicho kinachonunuliwa. Mama akishaweka 30,000 yake, mfuko unaongeza 34,000 na binti wa darasa la kwanza ameshakamilika.

Kwa nini 3,000? Kwa sababu tuliwauliza. Tulikuwa tumepanga 5,000, mama muuza mihogo akacheka: "Wanangu, hiyo mtacheza wenyewe."

Asiyeweza hata hiyo, bibi mwenye miguu ya kuvimba au baba aliyelazwa, usimwingize kwenye upatu kwa sababu ya usawa. Mtimizie moja kwa moja na yaishe.

Angalia pia pesa ya eneo lenu inaingia lini. Kwa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi minada ya korosho huanza Oktoba, na wiki mbili baada ya malipo kuingia benki ndiyo nafasi pekee ya kumpeleka mzazi kwa fundi kabla pikipiki na bati hazijaimaliza. Muheza machungwa yanajaa katikati ya mwaka. Huko daftari na viatu vinunuliwe Julai, vikae kabatini. Vikoba vingi vinavunja, yaani vinagawana akiba, Desemba, tena karibu kabisa na Krismasi. Mkiweza kuwashawishi wavunje mwishoni mwa Novemba, au watenge hisa moja ya kila mwanachama itoke kwa madaftari badala ya noti, mmefanya kazi kubwa kuliko harambee.

Pesa ya nje ya wazazi ina vyanzo vyake vya kawaida. Waislamu wana zaka, na fukara na maskini ndio wa kwanza kutajwa katika wanaostahili. Ongea na imamu kabla ya Ramadhani, akikuta orodha tayari ataitumia. Parokia zina jumuiya ndogo ndogo. Waliosoma shule ile zamani wana makundi yao ya simu ambayo kwa kawaida hufufuka kwenye misiba tu. Ndugu aliye Muscat au Minnesota asitume kwa mzazi wala kwenu: apewe lipa namba ya duka la vitabu na ya fundi, alipe huko, atumiwe picha ya risiti. Wengi waliokuwa wamechoka kutuma walianza tena kwa sababu hiyo tu.

Watatu washike pesa: mmoja anapokea, mmoja anaandika, mmoja anatia saini. Kwenye kundi la simu wekeni jumla zilizoingia na zilizotoka. Majina ya kaya yasiwekwe kabisa. Sisi tunatumia namba.

HATUA YA 5: Sare

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa au hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa shule ya msingi ya serikali kazi ni nyepesi: shati jeupe, kaptula au sketi ya bluu, shule hii na ile hazitofautiani sana. Maana yake sare inahama kutoka mtoto hadi mtoto. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba. Wiki inayofuata tembea nyumba za waliomaliza ukiomba sare, kabla hazijawa vitambaa vya kudekia. Tukipata sketi ishirini, kumi na mbili hivi zinafaa. Zinafuliwa, zinapigwa pasi, vifungo vinarudishwa vyote. Sare ya mtumba isiyo na kifungo inajitangaza.

Sekondari ni habari nyingine. Rangi inategemea shule, na majina ya waliopangiwa kidato cha kwanza hutoka Desemba. Ukishona Novemba kwa kukisia utakuja kulia. Tuliwahi kushona suruali nne za kijani na watoto wakapangiwa shule ya suruali nyeusi. Nunua mapema vile vinavyofanana kila mahali: mashati meupe, viatu vyeusi, soksi, kaunta buku, mkebe. Pesa ya suruali na sketi ikae mkononi ikisubiri majina, na fundi awe ameshalipwa nusu ya ufundi ili akuwekee nafasi. Fundi asiyelipwa chochote Novemba hakujui Januari.

Nunueni kitambaa kwa jora badala ya mita mita. Mkiwa na watoto kumi na wawili wa msingi, jora la bluu na jora jeupe vinashusha bei, na muuzaji mwenyewe atakuambia kitambaa kipi kinachuja baada ya kufuliwa mara tatu. Chukua kipande kidogo, loweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, asubuhi utajua.

Kwa fundi, simama. Mwambie pindo la sketi na la kaptula liwe vidole vinne. Kiunoni aache mshono wa kuongezea nyuma. Mtoto wa miaka saba hakui kwa mpango, anaamka asubuhi miguu iko nje. Fundi atalalamika kwamba pindo kubwa linaharibu mkao. Mwache alalamike, ashone hivyo hivyo. Pindo hilo ndilo sare ya mwaka wa pili.

Mtoto wa Kiislamu anayevaa hijabu, nayo ihesabiwe humo humo, mbili, maana nayo inafuliwa.

HATUA YA 6: Viatu na madaftari

Viatu usinunue kwa umri. Mwaka wa kwanza tulinunua jozi kumi na nne kwa kukadiria, sita hazikumwingia mtu. Sasa tunapita na maboksi yaliyokatwa, mtoto anasimama juu, mama anachora unyayo kwa kalamu, tunaandika namba ya kaya, tunakwenda sokoni na maboksi chini ya kwapa. Ongeza upana wa kidole kimoja mbele. Wauza viatu wametuzoea, wanatuita "watu wa nyayo".

Madaftari nunueni jumla, kwa katoni, Novemba.

HATUA YA 7: Kukabidhi

Usiku, au nyumbani kwa mhazini, mzazi mmoja mmoja, kwenye mfuko wa kawaida wa sokoni. Mzazi ndiye ampe mwanawe. Mtoto si lazima ajue vilitoka wapi.

Nasema hivi kwa sababu tulikosea. Mwaka wa kwanza tulikusanya watoto mbele ya ofisi ya mtaa, mgeni rasmi, picha, kila mtoto ameinua begi. Siku ya tatu mama mmoja akaja jioni na sketi imekunjwa ndani ya kanga. "Nashukuru sana mwanangu, Mungu awazidishie. Ila huyu hataivaa. Wanamwita sare ya msaada." Ile sketi ilikuwa mpya, alama za chaki ya fundi bado zimo. Tulishonesha nyingine, safari hii kimya kimya, kwa fundi mwingine, mama akamwambia binti kwamba baba yake katuma. Tangu siku hiyo hatupigi picha za watoto. Mfadhili anayedai picha tunampa ya risiti na ya jora.

HATUA YA 8: Wiki mbili za mwanzo wa Januari

Acheni kando akiba ndogo, sisi hubakiza 100,000, kwa vile vitu ambavyo hakuna aliyevifikiria: mpini wa jembe, picha ndogo za pasipoti, mtoto aliyehamishiwa kwa shangazi tarehe 3.

Viongozi hutamka karibu kila mwaka kwamba mtoto apokelewe hata kama sare haijakamilika. Litumieni hilo. Mtoto asisubiri nyumbani kiatu kiwe tayari. Aende na ndala huku mzazi akiwa ameshaongea na mwalimu. Aliyekosa wiki ya kwanza atakosa na ya pili, na mwisho wa mwezi anakuwa na kibarua cha kusukuma mkokoteni kinachomlipa. Hapo tena si suala la sare.

Ijumaa ya wiki ya pili rudini kwa mwalimu wa darasa. Nani kwenye orodha yetu hajaonekana? Nendeni nyumbani siku hiyo hiyo.

HATUA YA 9: Gharama za kila siku

Sare inaonekana, ndiyo maana kila mfadhili anaipenda. Zinazomtoa mtoto shule mwezi wa nne ni zile zisizoonekana.

Chakula. Wazazi hukubaliana kikaoni mahindi na maharage au pesa, na ambaye mzazi wake hakutoa hukaa pembeni wenzake wakinywa uji. Hesabu yake si ya kutisha. Kalenda ya masomo ina siku 194. Ukikadiria gramu 150 za mahindi kwa siku, mtoto mmoja anahitaji kilo 29 kwa mwaka, chini ya theluthi ya gunia la kilo 100. Gunia moja la mahindi linabeba watoto watatu mwaka mzima. Maharage ni mafungu madogo juu yake. Nunueni mavuno yakiwa yametoka, mpeleke kwa kamati ya shule kwa maandishi: magunia haya ni ya watoto wafuatao. Mkipeleka bila majina yataingia jikoni kwa wote na wale wenu watabaki pembeni pale pale.

Nauli. Ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200. Kwenda na kurudi kwa siku 194 ni 77,600, na anayepanda gari mbili ni 155,200, karibu sawa na vifaa vyote vya kidato cha kwanza. Hapo hujahesabu asubuhi ambazo konda anawaacha wanafunzi kituoni kwa sababu nauli yao haimlipi, na bajaji haijui habari ya nauli ya mwanafunzi. Tanga tuna bahati ya mji tambarare na watu wake wa baiskeli. Baiskeli iliyotumika, ikatiwa breki na tairi nzuri, inajilipa ndani ya mwaka. Tuliwapa watoto wawili wa kaya moja, dada anapiga pedali kwenda, kaka kurudi.

Pedi. Kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa kwenye taulo za kike mwaka 2018, bei madukani haikushuka, mwaka 2019 ikarudishwa. Msisubiri bajeti. Dazeni ziwekwe kwa mwalimu wa kike anayeaminika, binti achukue bila kuandikwa jina. Za kufua ni nafuu zaidi, ila muulizeni kwanza mwenyewe kama nyumbani kuna maji na mahali pa kuanika pasipo macho ya watu.

Tuisheni hatulipi. Wenzangu wawili wananipinga kila mwaka, na wana hoja zao kuhusu darasa la saba, lakini mfuko ni mdogo na mtoto mwenye njaa hafundishiki jioni.

HATUA YA 10: Julai

Shule zikifungua muhula wa pili, pita tena nyumba kwa nyumba na mkasi mdogo. Sketi zilizopanda juu ya goti zichukue zote, peleka kwa fundi afumue pindo kidole kimoja kimoja na kupiga pasi ule mstari wa zamani mpaka upotee. Kwetu kazi hiyo ni shilingi 1,000 kwa sketi. Viatu vilivyobana vya mkubwa vichongwe soli, viende kwa mdogo wake, na mkubwa asimame tena juu ya boksi.